Bwana Ruddle na Ndugu Yangu Jules

Jumapili, 5 Januari 2025

Jules, umeniomba niandike. Umesema kwenye simu mimi ni "tuko salama, tuko salama" kama kasuku, na wewe unataka kujua baridi ya London ikoje, watu wanakula nini, dada yako anacheka na nani. Haya basi. Nitaandika mpaka baridi iishe, halafu nitampa mtu anayekuja Goma akuletee. Leo mvua. Kanisani tulikuwa wachache, nusu ya kwaya ina mafua. Keren hakuja. Ana miaka kumi na minne na tumbo lake limejifunza kuuma kila Jumapili asubuhi. Wewe ndiye mjomba wake, mwambie neno.

Jumanne, 7 Januari

Baridi. Kazi. Nimechoka.

Alhamisi, 9 Januari

Ninacheka na Mzee Yogesh. Ni Mhindi wa Mwanza, mjane, anaishi peke yake huko Tooting, juu ya duka la vitambaa ambalo zamani lilikuwa lake. Naenda kwake kila siku ya kazi kuanzia saa sita mchana: nampikia, namkanda miguu, nampa dawa. Kampuni iliyoniajiri inataka tuzungumze Kiingereza na wateja. Siku ya kwanza aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Goma, akasema, "Basi usinitese na Kiingereza, mama. Tuseme lugha ya watu."

Ikifika saa nane mchana hatusemi lugha yoyote. Kuna kituo cha televisheni kinachorudia vipindi vya zamani, na saa hiyo anaingia Bwana Ruddle. Huyu ni mpelelezi wa kujitegemea, lakini ukimwona, Jules, utasema amekosea mlango. Mnene, mfupi, pumzi zinamkata akipanda ngazi. Hajui kuendesha gari, kwa hiyo anawafuata wezi kwa basi, na mara nyingi mwizi anapanda basi jingine. Anaishi na shangazi yake. Anaogopa mbwa. Kabla ya upelelezi alikuwa fundi wa miavuli. Kila anapokwenda hakuna anayemkaribisha kiti, na kila mara anakaa.

"Nilipofika nchi hii, kipindi hiki ndicho kilichonifundisha," Mzee Yogesh aliniambia. "Nilikuwa nasimama mlangoni kama kuku aliyelowa. Nikamwona huyu bwana. Hakaribishwi, anakaa. Na mimi nikaanza kukaa."

Katika kila kipindi kuna mtu aliyepotea au kitu kilichopotea, na katika kila kipindi Ruddle anapata. Wenzake wanauliza nani kafanya nini. Yeye anapangusa pua na kusema: usimtafute aliyefanya jambo, mtafute aliyeacha kufanya. Mzee analisema neno hilo pamoja naye, kama watu wanavyoitikia amina.

Jumapili, 12 Januari

Nimekuhadithia Ruddle kwenye simu, nawe umecheka mpaka ukakohoa. "Yaya, huyo Ruddle yako anakimbia namna gani na ile tumbo?" Hakimbii, dada yako nikakujibu. Ndiyo maana anafika.

Nimefurahi siku nzima.

Ijumaa, 17 Januari

Leo Ruddle alikuwa na kesi ya sehemu mbili. Mwalimu wa piano ametoka nyumbani akiacha birika motoni, hajarudi. Polisi wamechoka. Ruddle amefuatilia mpaka nyumba moja kando ya bahari, mlango umefungwa, na nyuma ya mlango kuna mbwa anabweka. Ruddle amesimama hapo anatetemeka, mkono kwenye kitasa. Wakakata! Mzee Yogesh anajua mwisho, ameona kila kipindi mara nyingi na sahani zake zote za DVD anazo kabatini, lakini amefunga mdomo na kutabasamu tu.

Jumapili, 19 Januari

Umekasirika kwamba nimekuhadithia nusu. Umesema nikiona sehemu ya pili nisimwambie mtu, nikuletee wewe kwanza. Sawa, bwana mkubwa.

Jumatatu, 20 Januari

Treni ilisimama njiani saa mbili na zaidi, nikafika Tooting majina ya waigizaji yanapita. Sikuona. Mzee amesema tutaiona kwenye sahani zake siku yoyote nitakayotaka.

Ijumaa, 24 Januari

Habari za vita huko Sake, karibu na kwenu, na za barabara zinatisha. Kule kanisani simu zote ziko mikononi. Sikuweza kuangalia Ruddle. Macho yalikuwa kwenye televisheni na moyo ulikuwa kwenu.

Jumamosi, 25 Januari

Umepiga. Sauti yako ilikuwa chini kama ya mtu aliye chini ya kitanda, na labda ulikuwa chini ya kitanda.

"Yaya, mabombe inalia tangu asubui. Tuko mu nyumba. Usiogope."

"Unakula?"

"Tunakula. Rezo ya simu inaweza kukatika, usishituke." Kisha ukauliza, "Na mbwa ile? Ilimuluma Ruddle?"

"Nitakuambia kesho."

"Usinidanganye, yaya. Kesho."

Jumapili, 26 Januari

Hukupiga. Nimekutumia ujumbe wa sauti. Alama moja.

Jumatatu, 27 Januari

Alama moja. Zikiwa mbili maana yake umefika kwako, ikiwa moja uko bado hewani unazunguka. Mvua na upepo. Watu ndani ya treni wanakula sandwichi.

Jumanne, 28 Januari

Alama moja.

Jumatatu, 3 Februari

Wengine wameanza kupatikana. Mama Miradie, rafiki yangu wa kanisani anayefanya kazi kule uwanja wa ndege, amempata mama yake, akanipigia akilia kwa furaha, halafu akaona aibu kwa furaha yake. "Na Jules?" akauliza. Ananiuliza kila siku, asubuhi akitoka zamu na jioni akiamka. Hata ananichosha.

Nimeamua kufanya kama Ruddle. Nimempigia mwenye nyumba yako, fundi pikipiki wa pembeni, mwalimu wako wa kwaya, yule binti unayesema si mchumba. Wengi hawapatikani. Binamu yetu Séraphin ndiye aliyejibu, amevuka mpaka na sasa yuko Kampala kwa mjomba. Amenitumia sauti yake:

"Yaya Annonciata, maji ilikatika mu mji wote. Jules alitoka kwenda kuteka ku ziwa, na bido yake ya njano. Hatuyamuona bado. Tunatafuta, yaya. Tunatafuta sana."

Nimeisikiliza mpaka Keren akaniomba niizime. Maji. Mtu anashika dumu, anakwenda kuteka maji.

Jumatano, 5 Februari

Nimeomba zamu za ziada, Jumamosi na Jumapili pia. Siwezi kukaa nyumbani na simu. Nikiwa na mtu wa kuogesha, mikono inajua la kufanya.

Ijumaa, 7 Februari

Mzee Yogesh amesema, "Tuangalie ile sehemu ya pili? Upate kupumzika kichwa." Nimemwambia hapana, nimeahidi, nitaiona Jules akipatikana. "Basi nikuambie mwisho wake tu?" Nikamkemea, mtu mzima kama yule. Akaniomba radhi.

Nimekutumia sauti nyingine. Nimekuimbia ule wimbo wa mama wa kutwanga mihogo. Alama moja.

Jumanne, 11 Februari

Mama Miradie amekuja jioni na sufuria ya sombe, majani yetu ya mihogo, na samaki. Ametoka Hounslow mpaka kwangu Lewisham, amekata London nzima na sufuria mapajani, mtu ambaye siku zote huja kwangu mikono mitupu na kuuliza nimepika nini. "Mama Keren, weye kula tu," akasema. Akakaa. Akaangalia picha ukutani. Akasema baridi ni kali. Akaniosha vyombo vilivyokuwepo akaondoka. Rafiki mwema ni bora kuliko ndugu wa mbali, ndivyo nilivyofikiri, nikala sombe yake yote.

Alhamisi, 13 Februari

Theluji kidogo, haikushika chini. Ulitaka kujua theluji, Jules: ni mvua iliyosahau kazi yake.

Jumatatu, 17 Februari

Sasa ni zamu ya Bukavu, vita vimefika huko. Mama Miradie alikuwa analia kwenye simu kwa ajili ya kaka zake, nami nikamfariji. Tulizungumza muda mrefu.

Jana asubuhi nilipata nafasi ya kupita kanisani kabla ya zamu. Pasta Israël huwa anasoma majina ya waliopotea, na jina lako huwa karibu na mwanzo. Jana aliniona nikiingia akavuruga karatasi zake, kisha akaomba kwa jumla: wote walioko njiani, wote walioko maporini. Halafu akasema Mungu ampe nguvu dada yetu aliye hapa. Tulipokuwa tunatoka akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama Keren, siku gani uko mu nyumba?"

Nikamwambia siko nyumbani, Pasta, nafanya kazi kila siku.

"Ata mangaribi?"

Hata magharibi. Akasema tutaonana, Mungu akipenda.

Jumatano, 19 Februari

Keren ameniambia kwamba watu wa kanisa walikuja Jumamosi wakati niko kazini. Wengi? Nimemuuliza. Ameinua mabega. "A few." Wanataka nini? "I don't know, Mum." Akainuka akaosha vyombo. Sikumtuma.

Ijumaa, 21 Februari

Alama moja. Séraphin ananijibu kwa maandishi tu siku hizi: "Tunaendelea kutafuta." Simu yake ina shida ya kipaza sauti, ameandika.

Jumatatu, 24 Februari

Leo sikuandikii wewe. Leo naandika tu.

Nilikuwa namkanda Mzee Yogesh miguu, Ruddle anaendelea. Mwanamke mmoja tajiri alikuwa analia kwamba mume wake kapotea, na Ruddle, amekaa bila kukaribishwa, akamuuliza swali lake. Mzee akaitikia kwa sauti: mtafute aliyeacha kufanya. Mimi mikono yangu ikasimama.

Mama Miradie ameacha kuniuliza habari za Jules. Tangu lini? Tangu ile sombe. Tulizungumza muda mrefu juu ya kaka zake yeye, nami sikuona kwamba jina la Jules halikutoka kinywani mwake, yeye aliyekuwa ananichosha nalo asubuhi na jioni.

"Kuna nini?" Mzee akauliza.

Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya Pasta aliyeacha kusoma jina. Nikamwambia na ya Séraphin aliyeacha kutuma sauti, maana sauti haijui kudanganya, na maandishi yanajua. Na kundi la familia kwenye simu, lile lililokuwa halilali, siku hizi ni mistari ya Biblia tu na picha za maua, na watu hawawezi kuacha kuzungumza wakati kama huu. Wanazungumza mahali pengine. Wamefungua kundi jingine bila mimi.

Mzee Yogesh akanyoosha mkono akazima televisheni. Katikati ya Ruddle! Sijawahi kuona. Tukabaki tunaangalia kioo cheusi, yeye na mimi ndani yake, na beseni.

"Labda unakosea, mama," akasema.

"Ruddle anakosea?"

"Ruddle ni mtu wa kubuni." Akanishika kichwa kama anavyoshikwa mtoto. "Na tena nikuambie kitu. Vipindi vyote hivyo, na nimeviona vyote, Ruddle hakuwahi kumtafuta mtu wake. Ni watu wa wengine siku zote. Kama angekuwa anamtafuta shangazi yake, Ruddle mwenyewe angekaa kitandani amejifunika shuka."

Nikalia pale sakafuni, na maji yake ya miguu yakapoa.

Jumanne, 25 Februari

Najua namna walivyofanya, kwa sababu ningefanya vivyo hivyo. Kwetu kifo hakisemwi kwa simu. Mtu haambiwi akiwa peke yake, wala akiwa njiani, wala akiwa kazini. Wanakuja watu wazima, wengi, wanaingia na kukaa, wanaomba maji, wanaomba Mungu, na anayesema ni mmoja aliyechaguliwa, na walio pembeni tayari wameweka mikono ili usianguke. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kwa Mama Valentine mwaka juzi. Nilikaa karibu na mlango kwa sababu yeye ni mkubwa wa mwili na tulijua atakimbia.

Basi mjomba alimwambia Pasta, Pasta akawaambia wanawake, wakaanza kungoja siku nitakayokuwa nyumbani. Nami nilijaza zamu. Walikuja nikiwa kazini. Mwafrika hawezi kukuambia umepoteza ndugu huku umeshika beseni la mteja. Wote wanajua. Mwanamke anayeuza mihogo sokoni anajua, ndiyo maana aliniongezea. Wote wamenionea huruma, na huruma yao imenifanya mjinga wa Lewisham nzima.

Nimemwombea mtu aliyekwisha kuzikwa. Nimefunga siku tatu kwa ajili yake. Nimemwimbia wimbo wa mama. Mungu alikuwa ananisikiliza na yeye pia akanyamaza. Nimewakasirikia wote, na Yeye zaidi.

Alhamisi, 27 Februari

Ningeweza kumpigia Mama Miradie nikamwambia, sema. Angesema. Nimeshika simu asubuhi na jioni. Sijapiga.

Ijumaa, 28 Februari

Keren anaosha vyombo tena. Nikachukua kitambaa nikasimama karibu naye, nikawa nafuta anavyoosha. Hatukuangaliana. Mtoto wangu ananificha kifo, na amejua kuficha kuliko mimi nilivyojua kutafuta. Sahani ya mwisho aliiosha mara mbili, mara tatu. Sikumuuliza. Wamempa mzigo mkubwa kuliko miaka yake, na mimi nikimuuliza nitauongeza.

"Just rest, Mum," akasema.

"Nitapumzika," nikamwambia. "Nitapumzika Jumamosi ijayo."

Nikamwandikia Pasta: Jumamosi tarehe nane niko nyumbani siku nzima, siendi kazini. Alijibu hapo hapo: "Amina, mama."

Jumatatu, 3 Machi

Maua madogo ya manjano yametoka kwenye majani mbele ya nyumba. Sikuyataka.

Alhamisi, 6 Machi

Mzee Yogesh amenipa ile sahani ya sehemu ya pili, imo ndani ya bahasha. "Weka kwako. Siku moja." Nimemwambia sina mashine ya kuichezea. "Hata hivyo weka," akasema. Hakuniuliza juu ya Jumamosi, lakini alinisindikiza mpaka mlangoni, yeye na fimbo yake, mtu ambaye sijamwona akitembea hatua hizo tangu mwaka jana.

Jumamosi, 8 Machi

Jules, baridi imekwisha. Leo jua limewaka, watu wametoka na mikono wazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikuahidi kuandika mpaka baridi iishe, basi hii ndiyo ya mwisho.

Niliamka mapema nikafagia. Nikaenda ghorofa ya chini kwa jirani yetu Valeria kuazima viti. "Sherehe?" akauliza. Nikamwambia wageni. Nikapanga viti kuzunguka sebule, nikatoa meza ndogo katikati, na picha yako, ile umeshika pikipiki isiyo yako, nikaiacha mahali pake ili wasijue. Nikachemsha chai. Keren akaja mlangoni akaona viti. Akaona vilivyo vingi. Akaanza kulia bila sauti, nikamkumbatia, tukawa hivyo mpaka kengele ikalia.

Waliingia wakiwa wamevaa vizuri. Pasta Israël, mke wake, wazee wawili wa kanisa, Mama Miradie na wanawake wengine wa kwaya. Wakaangalia viti vilivyopangwa, wakaangaliana. Mama Miradie akakaa karibu na mlango. Ni mahali pangu pale, kwa Mama Valentine.

Nilikuwa nimejitayarisha, Jules. Mwisho wa kila kipindi Ruddle anawakusanya watu wote sebuleni, anapangusa pua, anawaeleza yeye mwenyewe. Nilikuwa nimepanga niseme: najua, nimejua tangu wiki mbili, semeni tu mlimpata wapi. Nilitaka niwaaibishe kidogo. Nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni.

Pasta akakohoa. "Mama Keren," akasema, "tusaidie na maji."

Nikaenda jikoni. Nikafungua bomba, maji yakaja, meupe, mengi, bila kuteka, bila bido, bila ziwa. Nikajaza jagi. Nikarudi nikammiminia, na nilipokuwa namimina nikajua kwamba sitaki. Sitaki kuwa Ruddle. Nilikuwa na haraka ya kujua, na sasa niko mbele ya mlango, mkono kwenye kitasa, na mbwa yuko ndani, na ninatetemeka. Hawajasema bado. Mpaka waseme, kuna mji mmoja ambako wewe unatembea na bido yako ya njano.

Pasta akanywa. Nikamwongeza. Akaniangalia, akanywa tena, kidogo kidogo, mtu mwema yule, hakuwa na kiu. Nikamwongeza tena. Sebule nzima ilikuwa inasikiliza maji.

Nikainua jagi mara nyingine. Pasta Israël akaweka kiganja chake juu ya glasi.